Mauzo ya Unguja na Pemba kwenye Power BI: lengo linajirudia kila mwezi, na Machi hailingani na Machi

Mhasibu_Mlandege aliuliza:

Assalaamu alaykum wanajukwaa. Ninafanya kazi ya uhasibu katika duka la jumla la vyakula lenye bohari Mjini Unguja na tawi Chake Chake, na tajiri wetu ameniagiza nimtengenezee ripoti ya mauzo kwa Power BI, programu ya kutengeneza ripoti kutokana na majedwali, ili asisubiri makaratasi kila mwisho wa mwezi. Ninazo faili tatu za Excel: ankara za Unguja, ankara za Pemba, na malengo ya mauzo ya kila mwezi kwa kila wilaya, zote 11. Kila mstari wa ankara una tarehe, jina la mteja, shehia, wilaya, bidhaa, idadi ya magunia au katoni, na fedha.

Ankara za visiwa viwili nimezikusanya katika jedwali moja, nikalifunga na jedwali la malengo kwa jina la wilaya. Programu ilinieleza kwamba uhusiano huo ni wa wengi kwa wengi, yaani jina la wilaya linajirudia katika majedwali yote mawili. Tangu hapo, nikipanga ripoti kwa miezi, kila mwezi unaonesha lengo la mwaka mzima, isipokuwa mwezi mmoja ambao Micheweni haikununua kitu, ambapo lengo limepungua kwa kiasi cha Micheweni. Jengine ni kwamba ripoti inaonesha mauzo ya Machi 2025 yameporomoka yakilinganishwa na Machi 2024, na tajiri hakubali kabisa kwamba biashara imeshuka. Tatizo liko wapi?

Fundi_Majedwali alijibu:

Waalaykum salaam ndugu. Dalili uliyoieleza ya Micheweni inaonesha sababu yenyewe. Jedwali la malengo halijui mwezi ni kitu gani, kwa sababu njia pekee inayolifikia ni jina la wilaya. Unapochagua mwezi, programu inachuja ankara za mwezi huo, inatazama ni wilaya zipi zimebaki katika ankara hizo, kisha inakuletea malengo yote ya wilaya hizo, ya miezi yote 12. Wilaya isiyokuwa na ankara inaanguka pamoja na lengo lake, ilhali hiyo ndiyo wilaya ambayo tajiri angetaka kuiona.

Usiyafunge majedwali mawili ya matukio moja kwa moja. Ankara ni matukio, na malengo nayo yahesabu kuwa matukio, hata kama yameandikwa na tajiri mwenyewe. Baina yao weka majedwali ya maelezo ambayo kila kitu kinatajwa mara moja tu: jedwali la tarehe, la maeneo, la bidhaa na la wateja. Uhusiano utoke kwenye maelezo kwenda kwenye matukio, moja kwa wengi, na kichujio, yaani athari ya kuchagua kitu katika jedwali moja juu ya jengine, kipite upande mmoja tu. Huo ndio unaoitwa muundo wa nyota. Malengo yako hayana bidhaa wala mteja, kwa hiyo yatafungwa na tarehe na wilaya pekee, na hilo halina ubaya. Kuhusu kichujio cha pande mbili, ushauri wangu ni kukiacha kabisa mpaka uwe na sababu unayoweza kuieleza kwa mdomo, kwa kuwa hakitoi onyo lolote kinapokupa jawabu la uongo.

Katika jedwali la maeneo, usitumie jina kuwa ufunguo, yaani safu ya kuunganishia majedwali. Kizimbani ipo Unguja na Kizimbani nyengine ipo Wete. Karani wa Unguja akiandika "Kusini" anakusudia Wilaya ya Kusini, na karani wa Pemba akiandika "Kusini" huenda anakusudia Mkoa wa Kusini Pemba, ambao ndani yake mna wilaya mbili, Chake Chake na Mkoani. Ipe kila shehia namba yake, na wilaya, mkoa na kisiwa viwe safu za jedwali hilo hilo. Kwa kuwa malengo yanaishia kwenye wilaya, utahitaji jedwali dogo la wilaya lenye mistari 11, linalochuja jedwali la shehia na la malengo kwa pamoja. Nyota itaota tawi moja, lakini si kosa.

Bi_Takwimu alijibu:

Naongezea suala la Machi, ambalo muundo wa nyota peke yake hautalitatua. Nadhani umetumia SAMEPERIODLASTYEAR, fomula ya Power BI ya kuleta kipindi kama hicho cha mwaka uliopita, ambayo inarudi nyuma kwa kalenda ya miladi. Duka la jumla haliuzi kwa kalenda hiyo peke yake. Wenye maduka ya rejareja hujaza sukari, unga wa ngano na tende katika Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Mwaka 2024 siku kama kumi za mwanzo za Machi zilikuwa bado ni Shaabani. Mwaka 2025 Ramadhani iliingia Machi inapoanza, na Shaabani karibu yote ikawa ndani ya Februari. Mauzo hayajaporomoka, yamehama mwezi. Itazame Februari yako, inshallah utayakuta huko.

Kwa hivyo zima kwanza majedwali ya tarehe ambayo programu hujitengenezea kwa siri, kisha tengeneza la kwako: siku zote mfululizo bila pengo, kila siku mara moja, kuanzia Januari ya mwaka wa kwanza hadi Disemba ya mwisho, na uliwekee alama kuwa ndilo jedwali la tarehe. Humo ndani ongeza safu za mwaka na mwezi wa Hijria, pamoja na namba ya mwezi inayoendelea bila kurudi kwenye moja. Ukinakili kalenda iliyokokotolewa, miezi yake inaweza kupishana kwa siku moja na mwandamo uliotangazwa na Ofisi ya Mufti, basi rekebisha mianzo ya miezi kwa mkono. (Siku ya Hijria huanza magharibi, lakini kwa ankara hilo liache.) Kipimo chenyewe, yaani fomula ya kukokotoa mauzo ya mwezi huo huo wa Hijria mwaka uliopita, ni kifupi:

Mauzo Hijria Iliyopita =
VAR N = MAX(Tarehe[NambaMweziHijria])
RETURN CALCULATE([Mauzo], ALL(Tarehe), Tarehe[NambaMweziHijria] = N - 12)

Kinafaa kwa mwezi mmoja mmoja. Mstari wa jumla utaonesha mwezi wa mwisho peke yake, kwa hivyo ama uufiche ama ukusanye mwezi kwa mwezi kwa fomula ya kujumlisha iitwayo SUMX.

Mhasibu_Mlandege alijibu:

Ahsanteni sana. Nimeyapanga upya kama mlivyoelekeza. Micheweni sasa inaonekana na lengo lake kamili na mauzo yakiwa matupu, na Shaabani mbili zinakaribiana sana. Limebaki moja: tajiri anataka lengo nalo lioneshwe kwa miezi ya Hijria.

Fundi_Majedwali alijibu:

Hapo usikubali haraka. Lengo la mwezi wa miladi linakaa katika jedwali la tarehe kwa siku ya kwanza ya mwezi, basi ukilipanga kwa Hijria, lengo zima la Februari litaangukia mwezi wowote wa Hijria uliokuwamo tarehe 1 Februari. Unaweza kuligawa kwa idadi ya siku za mwezi, na hesabu itakubali, lakini Shaabani itapewa lengo la siku za kawaida na kila mwaka itaonekana imelipita. Muombe tajiri apange malengo ya Shaabani na Ramadhani mbali, kwa tarehe zake, katika faili la malengo lenye mstari kwa kila siku na kila wilaya. Uhusiano haubadiliki, ila faili litakuwa refu. Mpaka alipange, kwenye ukurasa wa Hijria onesha mauzo ya mwaka huu na ya mwaka uliopita tu, na lengo lisiwekwe kabisa.