Kuku 10 nyuma ya nyumba Kigoma: kisasa, chotara au kienyeji?

BintiGungu: Habari zenu wadau. Niko Gungu, nina banda la kutosha kuku 10. Nyumbani tuko sita na mayai tunanunua dukani. Nataka tule yetu, yanayobaki niwauzie majirani na wakaanga chipsi. Nichukue kuku gani? Naombeni hesabu, maana "inalipa" nimeshaambiwa sana.

MfugajiUjiji: Dada, anza na kilo, shilingi zitafuata. Kuku wa kisasa wa mayai akishaanza kutaga anakula kama gramu 120 kwa siku. Kumi ni kilo 36 kwa mwezi. Wakitaga vizuri unaokota mayai 8 kwa siku, yaani trei 8 za mayai 30 kwa mwezi. Kwa hiyo trei moja imekula kilo 4.5. Kila ukinunua mfuko, zidisha bei ya kilo kwa 4.5, kisha angalia trei inauzwaje mtaani kwako.

Wengi husahau miezi ya mwanzo. Kifaranga huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na mpaka hapo ameshakula karibu kilo 7. Kumi ni kilo 70 kabla ya yai la kwanza, bado mkaa wa kuwapa joto na chanjo.

MamaK_Mwanga: Mimi nina chotara 8, mchanganyiko wa kisasa na kienyeji. Kwa mwaka mmoja hutaga mayai 150 hadi 200, wa kisasa hufika 280 na zaidi. Ukimfungia ukamlisha kila kitu, trei inakula kilo 7 hadi 9, hapo hasara. Wangu nawaachia uani mchana, wanapata wadudu, majani na makombo, jioni naongezea pumba. Na majogoo nauza.

Mnyamwezi_Tabora: Kienyeji usimfungie kabisa. Akitaga mayai 10 hadi 15 analalia, kwa mwaka hupati zaidi ya 40 hadi 60. Faida yake ni vifaranga. Ila chanja mdondo (kideri, ugonjwa unaomaliza kuku) kila miezi 3, tone moja jichoni. Mimi niliruka chanjo mara moja tu, banda likabaki na kuku wawili. Iliniuma sana.

BintiGungu: Pole sana kaka. Na dagaa wetu wa ziwani, nikichanganya mwenyewe si itashuka gharama?

MfugajiUjiji: Itashuka, lakini pima. Mahindi ya kuparaza, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo, na chokaa ya mifugo usiipunguze, ganda litakuwa laini. Dagaa wakizidi yai linanuka samaki. Mteja wangu alinirudishia trei nzima, na alikuwa na haki.

Nyumbani mnakula mayai mangapi?

BintiGungu: Trei moja kwa wiki.

MfugajiUjiji: Basi kwa kisasa zinabaki trei kama 4 za kuuza kwa mwezi, na hizo 4 ndizo zitakazonunua kilo zote 36. Kila trei unayouza inabeba kilo 9! Wengi hukwama hapo, wanasema kuku wamewatia hasara kumbe wamekula mtaji. Hela uliyokuwa unampa mwenye duka kila wiki, iweke kwenye kopo la chakula cha kuku.

MamaK_Mwanga: Hilo la kopo ni kweli kabisa. Mimi nilichelewa kulijua.

BintiGungu: Asanteni. Uani kwangu ni padogo, wa kuzunguka hawatafaa. Nachukua kisasa 10, na kopo naanza wiki hii, kabla vifaranga hawajafika.