Ni picha gani ya mtu iliyowahi kukutoa machozi? Tupeane uzoefu

Kokoto: Wakuu, jana natafuta cheti cha kuzaliwa, ikadondoka picha ya marehemu kaka yangu. Nilikaa sakafuni hadi giza likaingia. Cheti sikukitafuta tena. Wenzangu yamewahi kuwakuta?

Mama Wawili: Sauti ya baba nimeshaisahau. Picha ndiyo inanirudishia alivyokuwa akiinamisha kichwa kabla ya kucheka.

Jabali: Kwangu ni ile ya Soweto, Afrika Kusini, 16 Juni 1976, siku polisi walipowapiga risasi wanafunzi walioandamana, aliyoipiga mwandishi wa habari Sam Nzima. Hector Pieterson, miaka 12, amepigwa risasi na amebebwa, dada yake Antoinette anakimbia kando. Watu humtazama Hector. Mimi humtazama Mbuyisa Makhubo aliyembeba. Alisakwa na polisi, akaikimbia nchi, hakurudi tena.

Bado Mbichi: Ndiyo maana picha hizo sizipendi. Mtoto anakata roho, mtu anabofya kamera!

Jabali: Nzima aliificha filamu ndani ya soksi polisi wasiinyang'anye, na kazi yake ikamponyoka kwa ajili ya picha hiyo. Ulitaka dunia isadiki maneno ya serikali ya makaburu?

Bado Mbichi: Sikatai ilisaidia. Nasema kuna mama anayekutana na maiti ya mwanawe kila anapogeuka. Huyo nani alimuuliza?

Mjukuu wa Mwisho: Samahani kwa urefu. Ukutani kwa bibi kulikuwa na picha ya mama akiwa msichana, na begani kwake mkono. Mkono tu, wenye vidole vyembamba. Mwenye mkono alikatwa kwa mkasi. Ukiuliza, unaambiwa kacheze nje.

Bibi alipofariki nikapewa kazi ya kupanga nguo zake. Mfukoni mwa gauni moja nikakuta bahasha, ndani yake nusu ya pili. Alikuwa dada mkubwa wa mama. Aligombana na babu, akaondoka, na jina lake halikutajwa tena nyumbani. Kumbe bibi alikuwa naye mfukoni miaka yote hiyo! Karatasi imelainika kama kitambaa kwa kushikwashikwa.

Kilichonimaliza ni uso. Ni binti yangu mtupu, hadi mwanya wa meno. Nilimtafuta, nikapata namba ya mwanawe. Mama mkubwa alikuwa amefariki miezi minne kabla.

Mama Wawili: Jamani. Pole sana. Nalia hapa.

Kokoto: Halafu? Mama yako alisema nini?

Zege: Hizo nusu ziunganishe kwa gundi leo leo, uweke kwenye fremu.

Mpiga Picha Mstaafu: Usithubutu! Gundi na utepe hula karatasi, baada ya miaka utabaki na doa la manjano. Skani zote mbili kwanza, kisha uzihifadhi mbali na jua na unyevu.

Zege: Ya kwangu nilibandika zamani na ipo.

Bado Mbichi: Mimi ningeziacha hivyohivyo. Ule mkato nao ni sehemu ya habari.

Jabali: Hapo nakuunga mkono.

Mjukuu wa Mwisho: Asanteni. Mwanawe ameniambia kwao ukutani ipo picha hiyohiyo, nzima, mama yangu yumo. Alitaka kunitumia usiku uleule. Nimemwomba asubiri. Mama hajui kama bibi aliitunza ile nusu, na nataka aanze kuishika hiyo kwanza. Naenda kwake Jumapili.