Albamu ya “Uncle B” ya N-Dubz: msikilizaji mgeni aanze na singo ipi?

Sikio la Tatu

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba tulinganishe singo za “Uncle B”, albamu ya kwanza ya kundi la N-Dubz la Uingereza iliyotoka Novemba 2008, ili tumpe mwongozo mtu ambaye hajawahi kuisikia. Wengi wetu tulilifahamu kundi hili kupitia “Number 1”, wimbo wa mghani Tinchy Stryder uliowashirikisha wao na ambao ulishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 2009, kisha tukaenda kuutafuta ndani ya “Uncle B” tukaukosa. Wimbo huo haumo humo. Umo katika “Catch 22”, albamu ya Tinchy mwenyewe, na katika “Against All Odds”, albamu ya pili ya N-Dubz. Kwa hiyo anayeifikia “Uncle B” kwa njia hiyo hukutana na kitu chenye uzito mwingine kabisa, na asipopata wa kumwelekeza huenda akaiacha njiani.

Kwa wasiowafahamu, N-Dubz ni watu watatu kutoka Camden, kaskazini mwa London: Dappy, binamu yake Tulisa, na rafiki yao Fazer. Jina la kundi limetokana na namba ya posta ya mtaa wao, NW1. Aliyewasimamia tangu wakiwa wadogo ni Byron Contostavlos, baba mzazi wa Dappy na ami yake Tulisa, mwanamuziki aliyewahi kupiga gitaa la besi katika kundi la Mungo Jerry. Byron alifariki mwaka 2007, kabla albamu haijatoka, na jina la albamu ni lake.

Singo zenyewe ni hizi, pamoja na nafasi ya juu ambayo kila moja iliifikia Uingereza. Mwaka 2007 zilitoka “Feva Las Vegas” (57) na “You Better Not Waste My Time” (26). Mwaka 2008 zikafuata “Ouch” (22) na “Papa Can You Hear Me?” (19), halafu mwaka 2009 zikaja “Strong Again” (24) na “Wouldn't You” (64). “I Swear”, waliyoitoa wenyewe mwaka 2006, nayo imo ndani ya albamu.

Maoni yangu ni kwamba mgeni aanze na “Papa Can You Hear Me?”. Sisemi hivyo kwa sababu ndiyo iliyopanda juu kuliko nyingine. Ninasema hivyo kwa sababu Dappy anamsemesha baba yake aliyekwisha kufa, anamweleza yaliyotokea nyuma yake na anatamani amsikie, na mtu akishausikia wimbo huo huelewa kwa nini albamu nzima imebeba jina lile. Hata nyimbo za starehe zilizomo hubadilika sura ukizisikiliza baada yake, maana unajua sasa kwamba vijana hawa wanaojigamba wametoka kumzika mlezi wao. Naomba wenye maoni tofauti wayatoe.

Binti Rufiji

Asante, mkuu, kwa mada nzuri. Ninauheshimu sana wimbo uliouchagua, lakini nadhani unamfaa zaidi mtu ambaye tayari anawapenda wahusika. Mgeni hamjui Byron, hajui kwamba mzee huyo ndiye aliyewapeleka studio wakiwa watoto, kwa hiyo atausikia msiba wa watu asiowajua na kuupita. Ndiyo maana wewe mwenyewe umelazimika kuandika aya nzima ya historia kabla ya kuupendekeza.

Mimi ningemwanzishia “Ouch”. Kisa chake kinajitosheleza: mwanamke anamfumania mpenzi wake, na maumivu yake hayahitaji utangulizi wa mtu yeyote. Zaidi ya hapo, wimbo huo unaonyesha vizuri kazi ya kila mmoja kati yao. Tulisa anaimba kwa sauti ya chini kidogo, iliyonyooka, isiyo na mapambo mengi, na ndiye anayekibeba kisa. Dappy naye sauti yake inapitia puani, anaghani mbiombio kisha anaingia kwenye kuimba bila kupumzika, akiivuta silabi ya mwisho mpaka itetemeke. Fazer ndiye mzito na mpole kati yao, na ubeti wake humpa msikilizaji nafasi ya kupumua baada ya kasi ya Dappy. Ukishazitambua sauti hizo tatu, albamu iliyobaki haikupotezi.

Kinanda

Ndugu zangu, naona nyote mmezingatia nyimbo za mwaka 2008 tu, ilhali albamu hii ilijengwa kwa miaka kadhaa. “I Swear”, “Feva Las Vegas” na “You Better Not Waste My Time” ni za kipindi cha kabla, ambapo N-Dubz walitegemea zaidi kituo cha televisheni cha Channel U, ambacho kilikuwa kimbilio la vijana wa rap na grime (rap ya kasi iliyozaliwa London) waliorekodi video kwa fedha kidogo na ambao stesheni kubwa hazikuwa na haja nao. Kampuni ya muziki ya Polydor iliwasaini, ikatoa “You Better Not Waste My Time”, kisha wakaachana, na albamu ikaja kutoka chini ya kampuni nyingine, All Around the World. Katikati ya misukosuko hiyo Byron alifariki, na miezi michache baadaye wakatwaa tuzo ya MOBO (tuzo za Uingereza za muziki wenye asili ya watu weusi) ya msanii chipukizi bora wa mwaka 2007. Kwa maneno mengine, tuzo yao kubwa ya kwanza ilifika mikononi mwao wakati aliyeisotea zaidi hayupo kuiona.

Kwa sababu hiyo mimi ninaipigia kura “You Better Not Waste My Time”. Ndiyo sauti ya kundi kabla halijalainishwa: kiburi cha vijana ambao hawajawa na kitu mfukoni lakini wanamwonya kila mtu asiwapotezee muda. Kama tunataka kumfahamu Byron, huu ni ushahidi wa kazi aliyoifanya alipokuwa hai. “Papa Can You Hear Me?” unatuambia alivyopendwa, ila hautuonyeshi alichowafundisha.

Naomba pia niseme neno kuhusu zile namba za chati, kwa sababu zinaweza kutupotosha. Nafasi ya 19, ya 22, ya 24 na ya 26 zimekaribiana mno. Hakuna hukumu yoyote ya ubora hapo. La kutazamwa ni kwamba hakuna singo hata moja kati ya hizo iliyoingia kumi bora, lakini albamu yenyewe ilifika nafasi ya 11 na baadaye ikapata platinamu, cheti ambacho Uingereza hutolewa kwa albamu iliyofikisha nakala 300,000. Hilo si jambo la kawaida kwa kundi la vijana wa rap wa wakati ule. Maana yake ni kwamba walikuwepo watu wengi walioitaka albamu nzima, pamoja na nyimbo ambazo redio hazikuzigusa. Bila shaka mafanikio ya “Number 1” mwaka 2009 yaliwasukuma wengine dukani, lakini waliofika hapo waliondoka na albamu ambayo wimbo huo haumo. Kwa hiyo swali la singo ipi ni zuri, mradi tusisahau kwamba mlango si nyumba.

MamaNasra

Wanangu, nimewasoma wote kwa makini. Mimi ninasikiliza muziki huu pamoja na watoto wa darasa la saba na kidato cha kwanza, kwa hiyo kipimo changu kina sharti moja la ziada. “Uncle B” ina nyimbo zenye maneno ya mitaani na mambo ya chumbani yaliyosemwa waziwazi, na si busara kumkabidhi mtoto albamu nzima na kumwacha nayo. Kwa upande huo ninakubaliana na Sikio la Tatu, kwa sababu kijana anayemlilia baba yake anaeleweka kwa mtoto wa umri wowote, na mzazi hana haja ya kuuzima wimbo katikati.

Binti Rufiji, mwanangu, hoja yako kwamba msikilizaji hamjui marehemu sikubaliani nayo. Tunaimba tenzi za kuwalilia watu waliokufa kabla babu zetu hawajazaliwa na bado zinatutoa machozi. Kinachomgusa msikilizaji ni namna anayeomboleza anavyosema na marehemu, hata kama marehemu huyo hakumfahamu kamwe. Katika wimbo huu Dappy anazungumza na baba yake kama mtu aliye chumba cha pili, anayeweza kuitika wakati wowote. Hilo halihitaji historia ya Camden.

Naongeza na “Strong Again”, ambao ningependa uwekwe mara tu baada ya huo. Unazungumza juu ya kuinuka tena baada ya kuanguka, na ulitoka mapema mwaka 2009, yaani uliifuata “Papa Can You Hear Me?” katika mpangilio wa singo. Mimi huzisikiliza kama nyimbo mbili za jambo moja, kwanza maombolezo, halafu kujifunga kibwebwe.

Mjukuu wa Mvita

Naomba niulize: tunaihesabu hii kuwa hip hop kweli? Mwaka 2003 Dizzee Rascal, mghani wa grime wa London, alitoa albamu ya “Boy in da Corner”, akatwaa tuzo ya Mercury ya albamu bora ya mwaka, na ile ilikuwa sauti kavu ya London isiyomwomba mtu radhi. Nikiisikiliza “Uncle B” baada ya ile, ninasikia viitikio vitamu vya R&B na midundo ya kuchezeka. “Wouldn't You” kwa mfano sioni kama ina la kutuambia.

Kinanda

Mjukuu wa Mvita, “Wouldn't You” nakuachia, maana hata wanunuzi waliiacha nafasi ya 64. Lakini kuhusu aina ya muziki, mchanganyiko huo ndio alama yao. Walikulia katika jiji ambalo garage (muziki wa dansi wa klabu za London), R&B, grime na rap ya Marekani vilisikika katika mtaa mmoja, na kundi lao lina mwimbaji mmoja wa kike, mghani mmoja, na mmoja anayefanya yote mawili ndani ya mstari mmoja. Mwaka 2009 tuzo za MOBO ziliitangaza “Uncle B” kuwa albamu bora na N-Dubz kuwa wasanii bora wa Uingereza. Sioni kwa nini tuwapime kwa ukavu wa Dizzee wakati wao hawakuutafuta. Walichokitafuta ni kiitikio ambacho msichana wa shule ndani ya basi anaweza kukiimba, kikiwa kimebebwa na beti za mtaa wake, na hilo walilipata.

Binti Rufiji

Mama, nimekuelewa kuhusu maombolezo, na ninakubali kwamba namna anavyosema na baba yake inatosha kumshika mtu. Bado “Ouch” nitaitetea kwa sababu ya Tulisa. Ukianza na “Papa Can You Hear Me?” unaingia katika albamu kupitia Dappy, na mgeni anaweza kudhani kwamba Tulisa ni mwitikiaji tu. Si kweli. Kundi hili bila yeye lingekuwa vijana wawili wa Camden miongoni mwa mamia waliokuwa wakighani wakati ule. Yeye pia alifiwa na ami yake na msimamizi wake. Kama wimbo wa msiba unamweka nyuma kidogo, singo inayofuata lazima imlete mbele.

Sikio la Tatu

Nawashukuru wote. Hoja ya Binti Rufiji kuhusu Tulisa na ile ya Kinanda kuhusu miaka ya Channel U zimenifanya nipange hivi: “Papa Can You Hear Me?” ibaki ya kwanza, kisha “Ouch”, ili zile sauti tatu zifahamike mapema. Hapo nitarudi nyuma hadi “You Better Not Waste My Time”, msikilizaji asikie walivyokuwa Byron akiwa bado yupo nao, na “Strong Again” itafuata. Kwa watoto wa MamaNasra, ya kwanza na ya mwisho zinatosha kwa sasa. “Feva Las Vegas” na “Wouldn't You” nitaziacha mtu azikute mwenyewe.

Baada ya hapo naomba tusimpe singo nyingine. Apewe albamu tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu ndivyo walivyoinunua wale walioifikisha platinamu.

MamaNasra

Mwanangu, mpangilio huo naukubali. Ila usimpelekee kwa simu vipande vya dakika moja moja kama vijana wanavyofanya siku hizi. “Papa Can You Hear Me?” usikatwe hata sekunde.