Rotata ya kufuatia setilaiti kwa pesa kidogo: mota ya wipa, stepa au mkono wa dishi?

Uyole_145
Wakuu, salaam. Niko Mbeya, Uyole. Mwaka mzima nimekuwa nikishika antena ya Yagi (ile ya vijiti sambamba) mkononi kusikiliza kituo cha anga cha ISS kwenye 437.800 MHz. Mpito mmoja ni kama dakika 10, na mkono ulioshika antena ndio huohuo ninaouhitaji kwa redio na daftari. Rotata (mashine ya kuzungusha antena) ya dukani kama Yaesu G-5500 siiwezi, ni mamia ya dola kabla ya usafiri na ushuru. Nataka kutengeneza mwenyewe. Antena zangu ni mbili, ya elementi (vijiti) 3 kwa 145 MHz na ya elementi 7 kwa 435 MHz, na zote pamoja na bomba lake hazifiki kilo 3. Nimeona njia tatu: mota ya wipa ya gari, stepa (mota zinazokwenda hatua kwa hatua) zenye sehemu za kuchapishwa kwa printa ya 3D kama zile za SatNOGS, mradi wa vituo vya kupokea setilaiti, na ule mkono wa umeme uliokuwa ukisukuma madishi makubwa ya zamani. Aliyejaribu aniambie ipi inadumu kwa mvua na upepo wa huku kwetu.

Fundi_wa_Sido
Mkuu, mimi nilianza na wipa. Nguvu inayo, na ndani ina gia ya skrubu, kwa hiyo upepo ukiisukuma antena hauirudishi nyuma. Shida ni kasi. Kwa spidi ndogo inazunguka kama mara 45 kwa dakika, yaani nyuzi 270 kwa sekunde. ISS ikipita juu ya utosi inasogea kama nyuzi 1 tu kwa sekunde! Nikaweka mnyororo na gia za baiskeli, meno 14 kwenda 44, nikapata punguzo la mara 3 tu. Nikapunguza umeme kwa PWM (kuuwasha na kuuzima harakaharaka): mota inakwama, halafu inaruka ghafla. Siku moja iliruka hivyo ikanipindia elementi mbili kwenye ukuta, na nilikuwa nimezikata kwa siku nzima.

Kilichoniokoa ni giaboksi ndogo ya skrubu ya 60 kwa 1 kutoka kwenye vyuma chakavu. Sasa napata nyuzi 4 na nusu kwa sekunde, duara zima sekunde 80. Inafaa kabisa. Kwa hiyo usitafute mota kwanza, tafuta giaboksi. Ukiipata, mota yoyote ya volti 12 itafanya kazi, hata ya kioo cha mlango wa gari.

Halafu mota za brashi zinachafua redio. Funga kapasita ya nanofaradi 100 kwenye ncha za mota, na waya upitishe kwenye ferite (pete ya kuzuia kelele ya redio).

Kihesa_SDR
Kamwene. Mimi niko Iringa, nimejenga kwa mfumo wa SatNOGS. Ule mradi ulishinda Hackaday Prize mwaka 2014 na michoro yake yote ni ya wazi, hakuna kulipia. Kazi yake ni safi na haina kelele. Ila angalia mambo mawili. Sehemu za plastiki ya PLA zinalainika juani, mimi nilirudia zote kwa PETG. Na stepa haijui iko wapi: ikiruka hatua, Arduino (bodi ndogo inayoendesha mota) inaendelea kuamini antena imeelekea pale ilipoiambia. Lazima uweke swichi ya kuanzia, na kila umeme ukikatika irudi pale kwanza. Kama huna rafiki mwenye mashine ya kuchapisha, hii njia itakumaliza pesa.

Mdau_Njombe
Mkono wa dishi msiudharau, ila kwa mwinuko (juu na chini) tu. Ni wa volti 36, ukiupa 24 unaenda taratibu na hautikisiki hata upepo wa Makambako ukivuma. Usihesabu mapigo ya swichi yake ya ndani, kwa sababu urefu wa mkono na pembe haviendi sawasawa. Funga kihisi cha MPU6050 kwenye bomba la antena lenyewe, kikupe pembe halisi. Kwa azimuti (kuzunguka kushoto na kulia) usitegemee kihisi cha dira karibu na mnara wa chuma, kitakudanganya. Weka potenshiometa kwenye mhimili unaozunguka.

Huku kwetu ukungu unaingia hata kwenye boksi lililozibwa. Toboa tundu chini maji yatoke. Nimeua bodi mbili kwa kuziba kila mahali.

Iyunga_mwanafunzi
Samahani kaka zangu, nauliza. Usahihi unaohitajika ni nyuzi ngapi? Naona watu wanapigania nyuzi moja.

Kihesa_SDR
Swali zuri sana, mdogo wangu. Yagi ndogo kama ya mwenye mada inaona upana wa nyuzi 40 hadi 60. Ukikosea kwa 5 hutasikia tofauti. Gpredict, programu ya kufuatilia setilaiti, yenyewe ina sehemu ya kuweka uvumilivu (kosa linaloruhusiwa), iweke 5 ili mota isihangaike kila sekunde. Inaongea na rotctld, programu ya Hamlib ya kuendesha rotata, kwenye poti 4533, na kwenye Arduino weka programu ya K3NG.

Fundi_wa_Sido
Na kwa sababu hiyo, Uyole_145, huenda mwinuko huuhitaji kabisa. Inamisha antena kwa pembe moja, zungusha azimuti tu. Setilaiti za chini muda mwingi ziko chini ya nyuzi 30, zile zinazopita utosini ni chache. Walio tambarare wanaweka 15 au 20. Wewe kaskazini una mlima Loleza, chini kule hupati kitu, weka 25 au 30. Nusu ya chuma, nusu ya waya, nusu ya vitu vya kuharibika.

Mdau_Njombe
Nakubali, ila fikiria kizuizi cha waya, pale rotata inaposimama ili waya usijisokote. Kikiwa kaskazini, setilaiti inayokatiza kaskazini itakulazimisha kuzunguka duara zima kurudi. Sekunde 80 kwenye mpito wa dakika 10 ni nyingi. G-5500 inazunguka nyuzi 450 kwa ajili hiyo. Acha waya mrefu wa koaksia, nawe uzidishe nyuzi 90.

Uyole_145
Nimeshukuru sana, wakuu. Jumamosi nilienda Mwanjelwa, nimepata giaboksi ya skrubu, nimehesabu ni 40 kwa 1, na mota ya kioo cha gari. Nimejaribu mezani kwa betri: nikisukuma bomba kwa mkono mota ikiwa imezimwa, halisogei. Antena nitaiinamisha nyuzi 28. Beringi ya chini bado, ile niliyouziwa ina mchezo wa karibu milimita 2. Fundi, wewe ulitumia ya gari gani?

Fundi_wa_Sido
Ya tairi la mbele la Noah, iliyotumika. Nenda na bomba lako, ulipime palepale dukani.