Mrejesho: lile ghala la alizeti la Kizota

Wakuu, niliwaomba ushauri wa kugeuza ghala la alizeti pale Kizota, Dodoma, liwe la kufundishia ngoma na maigizo. Shida zilikuwa joto la bati, mwangwi na zege linaloumiza miguu ya wachezaji.

Sakafu ndiyo imekula hela. Aliyekataza kutandika plaiwudi juu ya zege moja kwa moja, Mungu ambariki. Fundi amelaza mbao za 2x2 juu ya vipande vya tairi, kisha plaiwudi tabaka mbili, viungio vikipishana. Ukiruka inabonyea kidogo, goti halilii. Kingoni tumeacha upenyo, mbao ikivimba kifuku isiinuke.

Mwangwi umepungua sana kwa mapazia mazito ya mtumba, tuliyoyatundika mbali kidogo na ukuta. Kabla ya hapo akina mama wakipiga muheme, ngoma ya Wagogo, sauti ilirudi kama kuna kundi la pili nje linalowafuata kwa kuchelewa. Zeze sasa linasikika mpaka mlangoni.

Joto bado. Tumefungua matundu juu, lakini saa nane mchana hapakaliki. Watoto wanaanza saa kumi.

Vibali msivichukulie poa: cha kubadili matumizi ya jengo kinatoka halmashauri ya jiji, na zimamoto walitaka mlango wa pili unaofungukia nje. Mwenye nyumba alinuna kutoboa ukuta, akakubali kwa maandishi.

Kimebaki kioo cha wachezaji kujitazama. Anayejua wanapouza vikubwa visivyopinda sura hapa Dodoma, anielekeze.