Nakunywa chai huku naandika daftari usiku ili nitulie, mbona akili ndio inazidi kuchangamka? Naombeni ushauri

Mama Junia wa Pasua:
Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, mwanamke, nina mtoto mmoja na nafanya mahesabu kwenye duka la jumla mjini. Kazi sio ngumu ila ina kelele, mchana kutwa simu, wateja, bosi, mzigo umepungua, risiti haionekani, nikirudi nyumbani mwili umefika ila kichwa bado kiko dukani na kuna siku naota najumlisha kabisa.

Sasa rafiki yangu wa Arusha akaniambia yeye anapika chai yake, anakaa peke yake, anaandika yaliyomo moyoni, anasema anajisikia mwepesi. Na mimi nikanunua kaunta buku, mtoto akishalala mida ya saa tatu napika chai ya rangi nzito yenye tangawizi, kikombe kile kikubwa, nakaa jikoni maana ndio sehemu pekee tv haifiki, naandika. Raha yake naiona kweli hasa na baridi hii ya mwezi wa saba.

Ila shida ni hizi. Usingizi umekata, saa saba usiku macho makavu nasikiliza mbwa wa jirani. Halafu nikianza kumuandika mtu mmoja wa kazini hasira zinapanda upya, naandika mpaka mwandiko unakuwa mkubwa na kalamu inatoboa karatasi. Na mume wangu ameanza kuulizia lile daftari, hagombi, anauliza kwa utani "leo umeniandika nini" lakini naona utani una kitu ndani. Na wala sijamuandika vibaya (kidogo tu).

Kwa wanaofanya hivi, mnakunywa chai gani, saa ngapi, na mnaandika nini hasa? Kejeli wekeni pembeni jamani.

Fundi Sakina:
Chai nzito saa tatu usiku halafu unatafuta mchawi wa usingizi 😂 haya nawapisha wataalamu.

Nesi Mstaafu:
Fundi kacheka ila kasema ukweli. Mdogo wangu, majani ya chai yana kafeini, ile inayofukuza usingizi, ile ile iliyoko kwenye kahawa, kwenye chai ni kidogo, kikombe cha kawaida ni kama miligramu 40 au 50 na kahawa ni karibu mara mbili yake, lakini wewe umesema kikombe kikubwa tena nzito, na kadiri majani yanavyokaa kwenye maji ya moto ndivyo inavyotoka nyingi. Kwa mtu mzima wa kawaida inachukua kama masaa matano nusu yake kutoka mwilini. Kwa hiyo ukinywa saa tatu, saa nane usiku nusu bado unayo, hapo usilaumu mbwa wa jirani.

Tangawizi haina kafeini, wala iliki, mdalasini, karafuu. Kwa hiyo acha tangawizi yako toa majani tu. Au pika mchaichai, kata majani yake yafunge fundo, tia kwenye maji yanayochemka, funika sufuria uiepue iachie taratibu, harufu peke yake inakuambia siku imeisha. Chai yenye majani inywe asubuhi au mchana, na usiinywe pamoja na chakula, iache kama saa moja kabla au baada maana inazuia madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage yasiingie vizuri mwilini, sisi wanawake hayo tunayahitaji. Choya (yale maua mekundu ya rozela) nayo haina kafeini ila inaweza kushusha presha, kama unatumia dawa za presha muulize daktari kwanza. Na sukari punguza.

Kijana wa Njiro:
Nesi kamaliza upande wa kikombe, mimi niongelee daftari, nimelisoma sana hili jambo chuo.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa James Pennebaker, 1986 alichapisha utafiti na mwenzake Sandra Beall, waliwaambia wanafunzi waandike jambo lililowaumiza zaidi maishani, dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo basi. Wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walikuja kwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi miezi iliyofuata. Lakini soma hapa mama Junia, pale pale walipomaliza kuandika walikuwa wanajisikia vibaya zaidi sio vizuri! Kwa hiyo kalamu kutoboa karatasi sio kwamba una tatizo, ndivyo inavyokuwa, shida unaifanya dakika chache kabla ya kuingia kitandani na unaifanya kila siku kuhusu mtu yule yule. Wale walikuwa na siku nne na saa inahesabu, wewe umejifungulia kesi isiyo na tarehe ya hukumu.

Halafu 2018 kuna mwingine, Michael Scullin wa chuo kikuu cha Baylor huko Texas, aliwalaza vijana 57 maabara, nusu waliandika kwa dakika 5 mambo wanayotakiwa kufanya kesho na siku zijazo, nusu wakaandika waliyomaliza kufanya. Wa mambo ya kesho walisinzia mapema kwa kama dakika 9, na aliyeandika kwa undani ndio alisinzia haraka zaidi. Kwa mtu wa mahesabu kama wewe hii ndio dawa. Usiku andika "kesho nimpigie wa sukari, nitafute risiti ya jumatatu, nimkumbushe bosi deni la fulani" ukifunga daftari kichwa hakina sababu ya kukaa macho kulinda hayo mambo. Ya huyo mtu wa kazini yaandike jioni mapema ukitoka kazini, au jumamosi mchana, weka alamu ya simu dakika 15, ikilia unafunga hata kama sentensi haijaisha.

Mangi Kibosho:
Mimi sielewi haya mambo. Chai ni ya watu bana. Mtu anakaa jikoni peke yake na kikombe anajiandikia barua, akiingia mama mkwe atasema umerukwa. Ukiwa na stresi sema na watu, mbona sisi tunaongea tu.

Mzee wa Rau:
Mangi usimtishe binti. Kwetu tulilima kahawa ila tukauza yote, nyumbani mama alipika chai, na ile ya saa kumi jioni hakuna aliyekunywa peke yake, hapo ndipo ugomvi wote wa ukoo ulimalizwa na mwingine ukaanzishwa. Kwa hiyo kaa na mumeo kwanza. Pika sufuria moja, mnywe wote wawili, muongee hata ya mpira, akishiba maneno aende zake kwenye tv ndio wewe utoe daftari. Mwanaume anayepewa kikombe chake haulizi sana kilichoandikwa. Hilo daftari linamsumbua kwa sababu linapewa saa nzima na yeye hapewi.

Binti Kaloleni:
Mzee hapo umepiga mule mule. Ila dada kuhusu siri usilifiche chini ya godoro, ukificha ndio unamuita alitafute. Mimi madaftari ni mawili, la mambo ya kesho linakaa mezani waziwazi asome mpaka achoke, na ya hasira naandika kwenye karatasi za kawaida, nikimaliza nachana vipande vidogo naingiza kwenye jiko la mkaa. Wala sihitaji kuyasoma tena. Majina usiandike, andika "yule".

Fundi Sakina:
Kwani si uandike kwenye simu uweke paswedi yaishe?

Binti Kaloleni:
Simu hiyo hiyo yenye magrupu ya vikoba? Unafungua kuandika machungu unakutana na ujumbe wa marejesho, machungu yanaongezeka 😩

Mama Junia wa Pasua:
Nimewasoma wote asanteni sana, hata wewe Mangi. Hiyo ya kujisikia vibaya baada ya kuandika ndio imenifungua macho maana nilishaona labda nina roho mbaya. Jana sijatia majani, tangawizi na mdalasini tu, nikampelekea na mume wangu, akasema haina rangi hii ni maji ya nini, ila amekunywa na akaongeza. Ya kesho nimeandika nusu ukurasa. Usingizi umekuja ila sio mapema kama nilivyotaka. Swali Nesi, nikiamka usiku saa nane niandike au niache?

Nesi Mstaafu:
Kama ni jambo la kukumbuka andika mstari mmoja gizani ulale, taa usiwashe, kikombe usipike. Na mwili upe muda, ulizoea chai nzito, ukiikata ghafla mchana na usiku kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu, kwa hiyo ya asubuhi endelea nayo. Ukiona wiki kadhaa zinapita hulali, hamu ya kula hakuna, au unalia bila sababu, hapo mambo ya daftari weka pembeni nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC hapo Moshi uonane na watu wa afya ya akili, sio aibu.

Mama Junia wa Pasua:
Sawa dada nimekuelewa. Mchaichai sokoni Mbuyuni nimepata ila umekauka hauna harufu, nani ana shina hapa Moshi nipande kwenye ndoo?

Mzee wa Rau:
Ninao umejaa pembeni ya zizi mpaka ng'ombe wanaukanyaga. Ingia inbox nikuelekeze, njoo na jembe lako mwenyewe, mgongo wangu hauchimbi tena.

Mangi Kibosho:
Mzee na mimi nichukue kidogo? Ni ya mke wangu.