Vibanda vya PS2 vifungwe, au vipangiwe saa?

MTOA MADA, TEMEKE
Wakuu, habari za jioni. Kwenye mkutano wa mtaa wetu mzazi mmoja alisimama akataka vibanda vyote vya gemu vifungwe, eti ndivyo vinavyotorosha watoto shule. Akapigiwa makofi. Mimi sikupiga, na sababu zangu naziweka hapa mzichambue.

Kwanza mashine yenyewe, maana wengine wanaisema kama vile ni dubwi la kumeza sarafu. PS2, yaani PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony, ilitoka Japani Machi 2000. Mwanzoni mwa 2013 Sony wakatangaza kwamba hawaitengenezi tena, ikiwa imeshauzwa zaidi ya milioni 150. Kiwandani imekufa, uswahilini inadunda. Si ushamba. Inasoma DVD, kwa hiyo nyumba iliyonunua gemu ilipata na deki humohumo. Inaingia kwenye TV ya chogo kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Haidai bando. Jirani ana PS4, tukienda kwake nusu saa ya kwanza tunatazama asilimia zikipanda. Hii unawasha, unachagua timu, mpira unaanza.

Halafu nani amemsahau Adriano, mshambuliaji wa Inter, kwenye PES 6, lile gemu la mpira? Nguvu ya shuti 99! Ukimwachia nafasi mita 30 akauweka mguu wa kushoto, kipa anaokota nyavuni. Banda letu lilikuwa na sheria: Inter haichukuliwi, anayefungwa anapisha, mshindi anabaki. Umepigwa tano bila mbele ya mtaa mzima, unaweka pedi chini, unarudi nyuma ya foleni. Hakuna ngumi. Wapi kwingine mtoto wa kiume anafundishwa hivyo?

Msimamo wangu: siku za shule kibanda kisifunguliwe kabla ya saa kumi jioni, na atakayekutwa na mtoto aliyevaa sare afungiwe. Kufunga vyote ni uvivu wa kufikiri.

MAMA, MBAGALA
Kaka, umeandika vizuri, ila umeandika mpira tu. Mwanangu sikumkuta anacheza mpira. Nilimkuta na lile la San Andreas, anamshusha mtu kwenye gari, anampiga mpaka hela zinadondoka chini. Nilipofungua daftari lake la hisabati, kurasa za nyuma zimejaa R1, R2, L1, eksi, kushoto, chini, kulia, juu. Nikadhani ndiyo hesabu za siku hizi! Kumbe ni mpangilio wa siri wa kubonyeza vitufe vya pedi ili kujiongezea pesa kwenye gemu. Hilo gemu kwao Marekani lilipotoka 2004 liliwekewa alama ya kuanzia miaka 17. Wangu yuko darasa la tano. Nani bandani anasoma alama, wakati CD zenyewe zimekopiwa na jina limeandikwa kwa kalamu? Hata akiingia saa kumi na moja jioni atacheza lilelile. Na hela anayoenda nayo ni ya chapati.

KIJANA, SINZA
Mnagombania mzoga. Watoto wako kwenye simu.

MWALIMU, ILALA
Tusidanganyane. Nafundisha shule ya msingi. Asiyekuja asubuhi mara nyingine yuko sokoni anauza mifuko, mara nyingine analea mdogo wake, mara nyingine hajala tangu jana. Gemu limo, sikatai. Lakini mkifunga mabanda kesho, msitarajie madawati yangu kujaa keshokutwa.

FUNDI, KARIAKOO
Dada wa Mbagala, hapo kwenye CD umenigusa, ndiyo kazi yangu. Siku hizi CD zinaelekea kuisha, lenzi nyingi zimechoka. Ukisafisha kwa pamba na spiriti inasoma wiki mbili, inagoma tena. Kwa hiyo memori kadi ya MB 8 tunaiwekea Free McBoot, programu ya kuwezesha mashine kucheza bila CD, gemu zinahamia kwenye flashi. Tundu la USB la PS2 ni la kizamani, toleo la 1.1, ndiyo maana video za mwanzo zinakwamakwama na mteja ananiletea mashine nzima akilalamika kwamba nimemuulia.

Sasa sikia hili. Flashi naweza kuijaza mpira na mashindano ya magari tu, la bunduki lisiwemo hata moja. Mtoto hana namna ya kuongeza akiwa pale bandani, mpaka apate kompyuta. Kazi ya muda mfupi. Tatizo ni wenye mabanda, hawataki. Mpira unalipiwa kwa mechi na kuna foleni ya kusimamia, San Andreas mtoto analipia saa nzima na hasumbui.

MTOA MADA
Mkuu wa Sinza, simu mtoto anacheza peke yake chini ya shuka. PS2 inataka pedi mbili na mtu wa kukaa naye benchi moja, akikufunga anakucheka usoni. Na kama ni mzoga, mbona Konami, wenye gemu la PES, walitoa PES 2014 kwa PS2 mwishoni mwa 2013, miezi mingi baada ya Sony kuachana nayo? Wateja walikuwepo.

Mama, ya flashi naibeba kwenda nayo mkutano ujao. Saa kumi jioni, na kibanda kinachopokea watoto kiwe na flashi ya mpira na magari tu. Anayetaka San Andreas aweke chumba cha wakubwa, au afunge.

MAMA, MBAGALA
Na atakayekagua hizo flashi ni nani? Mwenyekiti wetu hata kuiwasha hajui.

FUNDI, KARIAKOO
Nitakagua mimi, dada. Mtaa unilipie nauli tu.

MAMA, MBAGALA
Haya, njoo Jumapili. Uanze na banda la nyuma ya nyumba yangu, na mwenyewe umwambie wewe, mimi tumeshagombana.